Jina moja la ukoo, babu mmoja? DNA inaweza kukwambia nini na wapi inaishia

Siku hizi ukitaja DNA watu wengi wanafikiria vitu viwili, kesi ya mtoto ni wa nani, na zile asilimia za asili ambazo watu wanaziposti wakishapima. Sasa kuna la tatu ambalo linachanganya zaidi ya hayo mawili, nalo ni la majina. Watu wawili wasiojuana wanakutana wakiwa na jina la mwisho lile lile, wanaanza kuitana ndugu, halafu mmoja anasema tupime DNA tujue jina letu limetoka wapi. Wa pili anasema hamna haja, yeye kashapima na majibu yamesema asilimia kadhaa za upande fulani wa dunia kwa hiyo jina litakuwa limetoka huko huko. Akaja wa tatu akasema vipimo hivi ni uongo mtupu, yeye na mtoto wa baba yake mdogo walipima wakaletewa asilimia zisizofanana kabisa. Mimi naona wote watatu wameshika kipande cha ukweli, ila hakuna hata mmoja aliyeshika pale panapotakiwa, na nitajaribu kulieleza taratibu kwa sababu jambo lenyewe sio gumu likianzia mahali sahihi.

Pa kuanzia ni hapa: DNA haina jina ndani yake. Hakuna mahali popote mwilini mwako pameandikwa Smith au Kim au jina lolote lile. Kipimo hakisomi jina, kinalinganisha watu. Ukipima peke yako na hakuna mwenzako wa kulinganishwa naye, kuhusu jina lako hujapata kitu, umepata orodha ya namba tu. Kwa hiyo mtu akikwambia "nimepima DNA na nimejua asili ya jina langu" swali la kwanza la kumuuliza ni ulilinganishwa na nani.

Tuweke maneno sawa kwanza. DNA ni yale maelekezo yaliyoko ndani ya seli za mwili, yameandikwa kwa herufi nne tu zinazorudiwarudiwa mabilioni ya mara, na watu wengi tunayaita vinasaba. Maelekezo hayo yamefungwa kwenye mafungu yanayoitwa kromosomu, binadamu kwa kawaida ana 46, jozi 23, nusu kutoka kwa mama na nusu kwa baba. Na jina la ukoo, kwa maana ninayoitumia hapa, ni lile jina la mwisho linalorithiwa bila kubadilika, baba analo, mtoto analo, mjukuu analo. Shika hilo neno bila kubadilika maana ndo mzizi wa mambo yote. Kuna watu wengi sana duniani ambao jina lao la mwisho ni jina la baba au la babu tu, na kila kizazi linasogea. Iceland ni mfano unaojulikana, mtoto wa Jón anaitwa Jónsson, na mtoto wa huyo hatakuwa Jónsson bali atachukua jina la kwanza la baba yake. Hapo watu wawili kuwa na jina la mwisho moja kunamaanisha tu kwamba baba zao waliitwa jina moja, na hilo halihitaji maabara yoyote.

Sasa, jina linalorithiwa kwa baba lina mwenzake ndani ya mwili, na mwenzake huyo ni kromosomu Y. Mwanamume ana X moja na Y moja, mwanamke ana X mbili, kwa hiyo Y haiwezi kutoka kokote isipokuwa kwa baba, na baba aliipata kwa baba yake, na yule kwa baba yake, mstari mmoja ulionyooka wa wanaume mpaka zamani sana. Kromosomu nyingine zinafanya kitu tofauti. Chukua karata za mama na karata za baba, zichanganye, halafu mpe mtoto nusu tu, na mtoto naye akipata watoto anachanganya tena na kugawa nusu. Baada ya vizazi vichache huwezi tena kusema karata hii ilitoka kwa nani. Y haichanganywi hivyo, ukitoa ncha zake ndogo. Inafanana zaidi na daftari ambalo baba anamwachia mtoto wa kiume alinakili kwa mkono, na mtoto akikua anamwachia wake naye anakili, neno kwa neno.

Na kama ilivyo kwa mtu anayenakili kwa mkono, mara moja moja anakosea. Ni kosa dogo tu, neno lililorudiwa mara 13 yeye anaandika mara 14, au herufi moja inageuka kuwa nyingine. Kosa hilo sasa limo kwenye daftari lake, na wanawe wote watalinakili kama lilivyo kwa sababu hawajui kama ni kosa. Hayo makosa, yaani mabadiliko, ndo yanayotusaidia. Wasingekuwepo wanaokosea, wanaume wote duniani tungekuwa na Y moja na hakuna ambacho tungejua. Yale maneno yanayorudiwarudiwa wapimaji wanayaita alama, wanahesabu kwenye kila alama neno limerudiwa mara ngapi, na majibu unayoletewa ni safu ya namba: 13, 24, 14, 11 na kuendelea. Wawili wakiwa na safu zinazofanana au zinazopishana kidogo sana, wana babu wa pamoja wa upande wa baba ambaye sio wa zamani sana. Zikipishana sana, babu yao wa pamoja yuko mbali mno, pengine maelfu ya miaka nyuma.

Hapa pana mtego ambao umewapotosha wengi. Alama ziko za kutosha, kumekuwa na vipimo vya alama 12, vya 37, vya 67, vya 111, na siku hizi kuna vinavyosoma sehemu kubwa ya Y yenyewe herufi kwa herufi. Fikiria namba za simu. Ukimwambia mtu namba zetu zinafanana tarakimu nne za mwanzo, hiyo inaonyesha tu kwamba mko mtandao mmoja pamoja na mamilioni ya wengine. Alama 12 ziko hivyo hivyo. Ulaya ya magharibi zaidi ya nusu ya wanaume wako kwenye tawi moja kubwa la Y linaloitwa R1b, na sehemu kubwa ya Afrika ya magharibi, ya kati na kusini wanaume wengi wako kwenye tawi jingine linaloitwa E-M2. Mtu wa tawi kubwa namna hiyo akipima alama 12 ataletewa mechi mamia, yaani watu ambao namba zao zinafanana na zake, majina ya kila aina, na akakaa kuamini kwamba amepata ukoo. Haya matawi makubwa yanaitwa haplogrupu, na yalianza maelfu mengi ya miaka kabla ya jina la ukoo la mtu yeyote. Kuwa haplogrupu moja na mtu sio undugu wa jina. Ila kuwa haplogrupu tofauti kabisa ni jibu zito: huo mstari wa baba sio mmoja, basi, hata kama jina ni moja.

Kazi za utafiti zilizofungua mlango huu sio za zamani. Mwaka 2000 profesa wa Oxford aliyeitwa Bryan Sykes alichukua sampuli za wanaume 48 wenye jina lake mwenyewe, Sykes, ambao hawakujuana kuwa ndugu. Lilikuwa linaaminika kuwa jina la watu wengi wa mwanzo tofauti, kwa sababu maana yake ni kijito au mtaro wa mpakani na vijito viko kila mahali. Akakuta 21 kati ya 48, karibu nusu, wana Y ya aina moja. Yeye akaelewa kwamba huenda jina lote lilianza na mtu mmoja, na wale ambao hawakufanana ni matawi yaliyokatika njiani. Alitumia alama nne tu, leo hakuna anayekubali alama nne, lakini swali aliliuliza vizuri na wengine wakalifuata.

Baada yake wakaja watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Turi King na Mark Jobling, na hawa nawapenda kwa sababu walichukua majina ya aina zote, yaliyojaa na yaliyo adimu. Kwanza 2006 walipima wanaume wawili wawili, jozi 150, kila jozi ina jina lake. Takriban robo ya jozi hizo zilionyesha babu wa pamoja wa karibu. Ukichukua nusu ya majina yaliyo adimu zaidi, kiwango kinapanda kikakaribia nusu ya jozi. Halafu 2009 wakapima wanaume zaidi ya 1,600 wa majina 40. Smith, jina lililojaa kuliko yote Uingereza, halikuonyesha kitu, wawili wenye jina la Smith hawakufanana kuliko wawili uliowaokota tu njiani. Na inaeleweka ukijua Smith ni mhunzi, kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, kila mhunzi akawa mwanzo wa Smith wake. Lakini kwa jina kama Attenborough, ambalo lilitoka mahali pamoja, walio wengi sana walikuwa na Y moja.

Kwa hiyo ukiniuliza "mimi na huyu tuna jina moja, ni ndugu?" nitakuuliza kwanza jina lenyewe ni adimu au limejaa, na lilipatikanaje. Jina la kazi, jina la rangi, jina la mlima au mto, jina la mtakatifu, hayo yalizaliwa mara nyingi sehemu nyingi. Korea mtu mmoja kati ya watano hivi anaitwa Kim, na wenyewe wanajua kabisa kwamba hao Kim ni koo nyingi tofauti zinazotajwa kwa mahali pa asili, hakuna anayeshangaa. Na kuna mahali majina yaligawiwa kwa amri. Ufilipino mwaka 1849 gavana wa Kihispania, Narciso Clavería, alitoa amri kila familia iwe na jina la ukoo, kukawa na kitabu cha majina kikapelekwa mikoani watu wachague au wachaguliwe, mpaka leo kuna miji ambayo majina mengi yanaanza na herufi moja kwa sababu walipewa kurasa zile. Japani watu wote walilazimika kuwa na jina la ukoo kuanzia 1875, Uturuki sheria ni ya 1934. Ukipima DNA ya Waturuki wawili wenye jina moja unatafuta kitu ambacho kina umri wa vizazi vitatu au vinne tu, wakati Uingereza majina mengi yana miaka 600 mpaka 800. Umri wa jina unabadilisha kabisa kile unachotegemea kukiona.

Kuna habari moja ambayo kwangu inaonyesha jambo hili kuliko nyingine zote. Marekani, jimbo la South Carolina, kulikuwa na ukoo wa watu weusi wenye jina Perry, ambalo ni jina la Kiingereza, na babu wa ukoo huo aliyekumbukwa alizaliwa utumwani. Wajukuu wakapima Y kwa ajili ya kutafuta historia ya familia tu, na maabara haikuweza kuiweka popote kwenye mti unaojulikana. Sio kwamba ilikosewa, ni kwamba tawi lake liligawanyika kabla ya matawi mengine yote yaliyokuwa yanajulikana duniani mpaka siku hiyo. Ikapewa jina A00, ikatangazwa 2013, na ilipotafutwa zaidi ikakutwa kwa wanaume wa kabila la Mbo nchini Cameroon. Sasa tazama: jina linasema Uingereza, Y inasema Cameroon, na vyote viwili vinasema ukweli. Jina lilikuja na utumwa, Y ilikuja na baba. Mtu akifuata jina peke yake angekwenda kuchimba makaburi ya Uingereza akitafuta wazee ambao hawakuwa wake.

Hilo linatuleta kwenye uzushi unaoumiza watu kuliko wote, kwamba Y isipofanana na ya wenye jina lako basi kuna bibi alitoka nje ya ndoa. Naomba watu waache kuikimbilia hiyo. Jina na Y vinaachana kwa njia nyingi: mtoto aliyelelewa na baba wa kambo akachukua jina lake, yatima aliyechukuliwa, mtoto aliyepewa jina la upande wa mama kwa sababu baba alifariki au hakuwepo, mwanamume aliyehamia kwa wakwe akachukua jina la wakwe apate urithi, mtu aliyebadilisha jina akihama nchi, karani aliyeandika vibaya, mtumwa aliyebandikwa jina la bwana. Kutoka nje kumo, ndio, lakini ni moja kati ya nyingi. Ile stori kwamba theluthi ya watoto duniani sio wa baba wanaowalea imetokana na kuhesabu vibaya, wanachukua majibu ya maabara za kesi za ubaba, na kwenye maabara hizo wanaokwenda ni watu ambao tayari wana mashaka. Ni sawa na kwenda hospitali kuhesabu wagonjwa halafu useme mji mzima unaumwa. Tafiti zilizolinganisha Y na nasaba zilizoandikwa, kwa mfano zile za Flanders kule Ubelgiji, zinapata asilimia 1 hivi kwa kila kizazi, Sykes mwenyewe alikadiria 1.3.

Ila asilimia 1 ndogo hiyo inajikusanya. Kama kila kizazi mstari una nafasi ya asilimia 1 ya kukatika, baada ya vizazi 20, yaani kama miaka 600, karibu mistari 18 kati ya 100 itakuwa imekatika mahali. Ikiwa ni asilimia 2, theluthi nzima. Kwa hiyo kukuta mtu wa jina lako ambaye hafanani na wenzake ni jambo la kawaida kabisa, linategemewa kwa hesabu tu, na halisemi chochote kuhusu bibi yako unayemjua.

Hata wafalme hawakupona. Mwaka 2012 mifupa ya mfalme wa Uingereza Richard III, aliyeuawa vitani 1485, ilichimbwa chini ya sehemu ya kuegesha magari mjini Leicester. DNA ya upande wa mama, ile ya mitokondria ambayo mama anawapa watoto wote na binti ndo anayeiendeleza, ilikubaliana na ya ndugu walio hai. Y ikapimwa dhidi ya wanaume watano ambao kwa maandishi wote ni wa mstari mmoja wa baba na mfalme, kupitia duke mmoja (mtu wa cheo cha juu cha ukabaila) wa Beaufort wa karne ya 18. Hakuna hata mmoja aliyefanana na Richard. Na kati ya hao watano, wanne walifanana wenyewe kwa wenyewe na mmoja akawa tofauti. Yaani mstari ulikatika angalau mara mbili, mara moja mahali fulani kwenye vizazi vingi kati ya mfalme na yule duke, na mara nyingine karibu zaidi na sisi. Hawa ni watu ambao nasaba yao iliandikwa na kulindwa kuliko ya mtu yeyote.

Sasa kwa anayetaka kufanya kweli, maana najua wapo.

Kosa la kwanza ambalo watu wanafanya ni kupima mtu na kaka yake, au mtu na baba yake. Pesa imepotea hapo, ukishapima mmoja wa nyumba hiyo umepima nyumba nzima. Unachotakiwa ni kumtafuta babu wa zamani kabisa mnayemjua kwa uhakika, aliyekuwa na watoto wa kiume wawili au zaidi, halafu upime mwanamume mmoja wa mstari wa mtoto huyu na mmoja wa mstari wa mtoto yule, walio mbali kadiri inavyowezekana. Wakifanana, kwa vipimo viwili tu umethibitisha mstari wote kutoka kwa mmoja kupanda mpaka kwa babu na kushuka mpaka kwa mwingine, na sasa unaijua Y ya babu ambaye hata kaburi lake pengine hamlijui. Wasipofanana, usiseme lolote bado, tafuta wa tatu kutoka kwa mtoto mwingine au tawi jingine, akifanana na mmojawapo utajua upande gani umekatika. Hapo ndo unakwenda kwa mgeni mwenye jina lenu mkalinganishe naye, kwa sababu sasa una kitu cha kulinganisha. Watu wengi wanaanza na mgeni, halafu wakipishana hawajui ni nani kati yao aliye nje ya mstari.

Y inaonyesha mstari, haionyeshi mtu. Mwaka 1998 Y ilitumika kwenye suala la kama rais wa zamani wa Marekani Thomas Jefferson alizaa na Sally Hemings, mwanamke aliyekuwa mtumwa wake. Jefferson hakuacha mtoto wa kiume wa ndoa aliyeendeleza mstari, kwa hiyo wakapima wazao wa baba yake mkubwa, Field Jefferson, Y ni ile ile. Ikafanana na ya mzao wa Eston, mtoto wa mwisho wa Sally. Kulikuwa na madai ya miaka mingi kwamba baba ni wapwa wa Jefferson wenye jina la Carr, hayo yakaanguka kwa sababu mpwa ni mtoto wa dada, Y yake ni ya baba yake. Lakini kipimo hakikuweza kumtenga Thomas na mdogo wake Randolph, kwani Y yao ni moja. Ilibidi wanahistoria waweke juu ya meza tarehe, nani alikuwa nyumbani lini, watoto walizaliwa lini, na mwaka 2000 taasisi inayotunza nyumba yake ikasema kuna uwezekano mkubwa kwamba Thomas ndiye baba. DNA na makaratasi vilishikana mikono. Na Eston huyo, aliyezaliwa Hemings, alipohamia Wisconsin akaanza kuitwa Jefferson. Alichukua jina ambalo Y yake ilikuwa nalo siku zote.

Dada zangu mnaouliza, hapana, hamjatengwa, ila Y hamna kwa hiyo mtahitaji sampuli ya baba, kaka, baba mkubwa au mdogo, au watoto wao wa kiume. Mtoto wa shangazi hatafaa, wa mjomba ndo kabisa, hata kama mmelelewa naye nyumba moja.

Na zile asilimia? Zinatoka kwenye kromosomu nyingine, zile za karata, ambazo zinalinganishwa na makundi ya watu wa leo ambao kampuni imewakusanya. Kampuni mbili zina makundi tofauti kwa hiyo mtu mmoja anapata majibu mawili, na sehemu za dunia ambazo wachache wamepimwa, Afrika ikiwemo, majibu yanakuwa ya juu juu. Lakini tatizo kubwa kwa suala letu ni jingine. Rudi vizazi 10 nyuma, una nafasi 1,024 za mababu na mabibi. Jina lako lilipita kwa mmoja tu. Asilimia zinajumlisha wote waliokuachia chochote, kwa hiyo haziwezi kukwambia yule mmoja alitoka wapi. Ndo maana pia yule jamaa na mtoto wa baba yake mdogo walipishana asilimia, mama zao ni tofauti na karata ziligawiwa tofauti, hiyo haina uhusiano na jina. Zile karata zina faida yake kwa ndugu wa karibu, watoto wa ndugu wawili wanachangia kama asilimia 12.5, ila wakishakuwa na babu wa pamoja vizazi vitano nyuma karibu nusu yao hawaonyeshi kipande chochote cha pamoja ingawa ni ndugu kweli. Y haififii namna hiyo, ndo thamani yake.

Jambo la mwisho ni la usalama wa taarifa zako, na hapa naongea nikiwa na wasiwasi wa kweli. Mwaka 2013 watafiti walichukua DNA za wanaume zilizowekwa kwa ajili ya sayansi bila majina, wakazipeleka kwenye hifadhi za nasaba zilizo wazi, wakatafuta Y zinazofanana zina majina gani, wakaongeza umri na jimbo, wakawatambua karibu watu 50 wakiwemo ndugu zao. Yaani ule uhusiano wa Y na jina unafanya kazi pande zote mbili. 2018 polisi wa California walimkamata muuaji wa miaka ya 1970 na 1980 kupitia ndugu zake wa mbali ambao wao walikuwa wanatafuta ukoo tu. 2023 taarifa za watu kama milioni 6.9 wa 23andMe, kampuni ya kupima DNA, zilivujishwa, na 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, wateja wakabaki wanauliza mate yao waliyotoa yapimwe yanakwenda kwa nani. Neno la siri likivuja utalibadilisha, Y yako ni ya baba yako, kaka zako na wanao, na hakuna wa kuibadilisha.

Kwa hiyo kabla ya kupima kaa na wale wenye mstari huo. Muulize baba mkubwa kama yuko tayari kusikia jibu lolote, pamoja na lile la kwamba hamfanani na matawi mengine, na akikataa muache. Akikubali, muandikie historia yake siku hiyo hiyo, majina ya mababu kwa mpangilio, nani alihamia wapi, nani alilelewa na nani, nani alibadilisha jina na kwa nini. Kipimo kinaweza kusubiri mwaka au miaka, na hata ukipima leo usipate mechi haimaanishi kitu, namba zako zinakaa pale mpaka siku mtu wa tawi lenu apime. Ila mzee akiondoka na hayo majina, safu ya namba itakuja na hutakuwa na pa kuiweka.